"No risk": nilimaanisha hakuna hatari, mteja akaelewa kazi haifiki

#1 KaraniMkesha
Wakuu, salaam. Nimeharibu, nisaidieni kabla bosi hajajua.

Mteja wa nje aliuliza kwa barua pepe kama kazi yake itakuwa tayari Ijumaa. Nikamjibu kwa kujiamini: "There is no risk of us delivering on Friday." Kichwani kwangu nilikuwa nasema hakuna hatari, Ijumaa tunakukabidhi, lala usingizi. Hazikupita dakika kumi, likaja jibu la maneno mawili: "When, then?"

Sentensi yangu nimeisoma mara ishirini. "No" ni hakuna, "risk" ni hatari, "Friday" ni Ijumaa. Kosa liko wapi?

#2 Mkato
Hahahaha! Mkuu, umemwambia asiwe na hofu, hakuna hatari ya nyinyi kumkabidhi Ijumaa. Yaani kukabidhi ndilo balaa lenyewe, na umemhakikishia halitampata.

#3 BintiNahau
Amecheka lakini ndivyo ilivyo. Kinachofuata "no risk of" lazima kiwe kibaya, kitu ambacho msikilizaji anaombea kisitokee. "No risk of delay", hakutakuwa na ucheleweshaji. "No risk of fire", hapataungua. Ukiweka jambo jema hapo, Mwingereza hakusahihishi kimoyomoyo. Anachukua kwamba jambo hilo halitatokea, kisha anashangaa kwa nini umeliita hatari.

Ungeweza kuandika "no risk of us not delivering". Ni sahihi kisarufi, ila hizo "no" na "not" zinamchosha msomaji. Andika "There is no risk of a delay", basi.

#4 KaraniMkesha
Asante dada. Swali dogo: mbona hata Kiswahili ni hivyohivyo? Siwezi kusema "hakuna hatari ya kufaulu". Sasa nilijikwaaje kwenye kitu ambacho kwa lugha yangu nisingekosea?

#5 Mkato
Ulijikwaa kwenye jina langu. Kwa Kiswahili "hakuna hatari" hujitegemea, kama "hakuna shida" au "hakuna noma". Unaitamka, unapumua, halafu unasema la kwako: hakuna hatari, tunaleta Ijumaa. Ulipofika kwenye Kiingereza uliufuta mkato ukachomeka "of". Sentensi mbili zikawa moja, na maana ikapinduka. Kosa si msamiati, ni pumzi.

#6 MwalimuWaJioni
Mkato, maelezo yako ni matamu ila sikubaliani nayo. Hata mwanafunzi asiyeacha pumzi yoyote hukosea hapo. Nafundisha watu wazima jioni, na naona chanzo ni hiki kiunganishi chetu cha -a. Kinabeba mizigo yote. Chukua "hatari ya mtoto". Ni hatari inayomkabili mtoto, au mtoto mwenyewe ndiye hatari? "Hatari ya moto" je: moto unaweza kutokea, au moto upo tayari na utatudhuru? Sisi tunaelewana kwa muktadha. Kiingereza kimegawa kazi hiyo:

"risk of" hufuatwa na baya linaloweza kutokea.
"risk to" hufuatwa na atakayeumia.
"risk from" hufuatwa na chanzo.
"risk in" hufuatwa na kitendo chenyewe.

Huwa nawapa darasa sentensi moja ndefu waichambue: "There is no risk of infection to staff from these samples." Maambukizi ndilo baya, wafanyakazi ndio wangeumia, sampuli ndizo chanzo. Ukibadilisha "of" na "to" tu ukaandika "risk to infection", umeyaonea huruma maambukizi.

Na jingine, usiseme "risk to do". Ni "risk of doing". Ikiwa kitenzi, ni "risk losing", si "risk to lose". Hili hata waliosoma sana linawatoroka.

#7 MlaKona
Umeyaonea huruma maambukizi 😂😂 Mwalimu hatari sana huyu. Halafu mgeni akisoma bandiko langu atadhani nimemshtaki.

#8 NesiWaUsiku
Mwalimu kanigusa pabaya. Nilipokuwa mpya zamu ya usiku, ripoti za kukabidhiana zilikuwa kwa Kiingereza. Nikaandika kuhusu mzee mmoja: "Patient is not a risk." Nilitaka kusema hayumo kwenye hatari ya kuanguka kitandani. Wa asubuhi akasoma, akaniuliza mbele ya watu kama jana yake yule mzee alikuwa anatishia kupiga watu.

Tofauti ni neno moja fupi, "at". "He is not at risk": yeye yuko salama. "He is not a risk": sisi tuko salama naye. Na "at no risk" ipo pia, "The children are at no risk", watoto hawakabiliwi na hatari yoyote. Tangu siku ile kila nikiandika "risk" naangalia kama "at" imekaa mahali pake.

#9 KaraniMkesha
Duh. Kumbe mimi nimepona.

#10 MhasibuMkavu
Naona mnashughulika na vijineno, wakati tatizo kubwa ni "risk-free". Kwetu kwenye fedha ina maana moja tu isiyobishaniwa: dhamana za serikali, zile hati za kuikopesha serikali. Kuna "risk-free rate", kiwango cha faida unachopata bila hatari yoyote, na hesabu nyingine zote zinaanzia hapo. Mwenye kutaka kutumia neno kwa usahihi aje kwetu.

#11 Kengeza
Bila hatari yoyote? Mhasibu, taratibu. Machi 2012 Ugiriki ilipanga upya madeni yake, na wawekezaji binafsi wakakubali kupoteza asilimia 53.5 ya thamani iliyoandikwa kwenye hati zao. Zile nazo zilikuwa dhamana za serikali.

Marekani, ambayo hati zake ndizo mnazipigia mfano, ilishushwa na S&P, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, kutoka AAA, daraja la juu kabisa, hadi AA+ mwezi Agosti 2011, wenzao Fitch wakafuata Agosti 2023, Moody's Mei 2025. Hapo hatujataja mfumuko wa bei. Unalipwa pesa yako yote kwa tarehe ile ile, na haikununulii ulichokusudia.

#12 MhasibuMkavu
Kengeza, hujaniangusha. Nani kasema "risk-free rate" ni maelezo ya dunia? Ni kipimo, kama usawa wa bahari. Bahari haitulii hata siku moja, lakini milima tunaipima kutoka hapo. Neno "free" hapo maana yake ni kwamba tumekubaliana kuichukua hatari ya kutolipwa kama sifuri ili hesabu ziende.

#13 Kengeza
"Isiyobishaniwa" ndiyo niliyokuwa nabishana nayo. Usawa wa bahari nimeupenda, nitauiba.

#14 BintiNahau
Kabla hatujazama kwenye fedha, kuna shimo jingine kwenye "free" yenyewe. Niliwahi kupewa kazi ya kuhariri matangazo yaliyotafsiriwa na mashine. "Risk-free trial" ilikuwa imeandikwa "jaribio la hatari bure". Ukiisoma kwa Kiswahili ni kwamba hatari tunakupa, na hatukutozi.

"Free" baada ya nomino haina uhusiano na bei. Ni bila. "Sugar-free" ni bila sukari, si kwamba sukari ni ya ofa. "Duty-free" ni bila ushuru, bidhaa unalipia kama kawaida. Na kile kistari kinasaidia: "a risk-free trial" ni jaribio lisilo na hatari, lakini "a risk, free" huenda ndicho mashine ilichoona.

#15 MlaKona
Hatari bure ndiyo ninayopata kwenye ndoa.

#16 NesiWaUsiku
MlaKona, shemeji anasoma humu.

#17 FundiBreki
Nimechelewa. Naomba niongeze neno linalofanana nayo na linalotumika vibaya kuliko yote: "fail-safe". Wengi hudhani ni kifaa kisichoharibika. Maana yake ni kwamba kikiharibika, kinaharibikia upande wa salama.

Breki za upepo za treni ni mfano mzuri. Kinachozuia breki zisikamate ni ule mgandamizo wa hewa kwenye bomba linalopita mabehewa yote. Bomba likipasuka, au behewa likichomoka, hewa inatoka na breki zinakamata zenyewe. Kwa hiyo ukiniambia mfumo ni "fail-safe", hujaniambia hakuna hatari ya kuharibika. Umeniambia ukiharibika tutasimama, hatutakimbia. Abiria atalala njiani, atakasirika, ila atakuwa hai.

#18 MwalimuWaJioni
Fundi, hilo nalipeleka darasani. Na umenikumbusha kuwa hata "safe" si "no risk". Mwongozo namba 51 wa ISO/IEC, mashirika ya kimataifa ya viwango, ule unaotumiwa na wanaoandika viwango vya usalama, unafafanua usalama kuwa ni kutokuwepo kwa hatari isiyovumilika. Isiyovumilika! Iliyobaki imeruhusiwa kukaa. Wanashauri hata kukwepa kuita vitu "safety" hiki na "safety" kile, kwa sababu mtu atadhani amehakikishiwa. Badala ya "safety helmet" wanapendekeza "protective helmet". Kofia inakukinga. Kwamba utakuwa salama, hilo kofia haijasema.

#19 Kengeza
Tukiwa kwenye ISO: BintiNahau kwenye #3 amesema kinachofuata "risk of" lazima kiwe kibaya. ISO 31000, kiwango chao cha kusimamia hatari, cha 2009 na toleo la 2018, inasema "risk" ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo, na athari hiyo yaweza kuwa mbaya au nzuri. Kwa mtu wa fani hiyo, KaraniMkesha hakukosea sana.

#20 BintiNahau
Mteja wake alisoma ISO 31000 kabla ya kujibu "When, then?"? Lugha ya mtaani na lugha ya fani ni vitu viwili. Mwingereza akisema "there's a risk of winning" ama anatania, ama ndiye ambaye asingependa ushinde.

#21 Kengeza
Naondoka na kofia yangu ya kinga.

#22 Nahodha_Mstaafu
Wadogo zangu, kwenye biashara ya baharini "risk" ina mwenyewe, na hujulikana ni nani na inahama saa ngapi. Ndiyo maana tunaandika "at no risk to the buyer" au "at owner's risk". Ukinunua mzigo kwa masharti ya CIF, muuzaji analipa nauli na bima mpaka bandari ya mwisho, kwa hiyo mnunuzi hana hatari mpaka mzigo ushuke.

#23 Wakala_Forodha
Mzee wangu, shikamoo. Hapo naomba nikurekebishe kwa adabu. Kwenye CIF, gharama na hatari haziendi pamoja. Muuzaji analipia mpaka bandari ya kufikia, sawa, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo unapokuwa umepakiwa melini kule bandari ya kuondokea. Incoterms 2020, zile kanuni za kimataifa za masharti ya kuuziana mizigo, ziko hivyo, na matoleo ya kabla yake yalikuwa na mpangilio huohuo wa kutenganisha gharama na hatari. Kontena likizama katikati, hasara ni ya mnunuzi, na ndiyo sababu bima ile inakatwa kwa faida yake. Nimeona watu wakilia hapa, wakishika karatasi inayosema muuzaji kalipia kila kitu.

#24 Nahodha_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Umesema kweli, nilichanganya na zile za kukabidhi bandari ya kufikia. Uzee.

#25 Bwana_Asili
Wote mnahangaika. "Risk" ni neno la Kiarabu, "rizq", ndilo hilo letu riziki. Wafanyabiashara walikwenda baharini kutafuta riziki, Wazungu wakaona wanazama, wakaliita hatari. Mjadala umefungwa.

#26 MwalimuWaJioni
Haujafungwa hata robo. Kiingereza kilipata "risk" karne ya 17 kupitia Kifaransa, na Kifaransa kutoka Kiitaliano. Huko nyuma zaidi ndiko wataalamu wanagawanyika. Wapo wa "rizq", wapo wanaoifuata hadi Kigiriki, neno la mzizi lililokuja kutumika kwa mwamba unaochomoza majini, na wapo wa Kilatini "resecare", kukata, kwa maana ya jabali lililokatika wima. Nadharia ya riziki inapendeza masikioni mwetu kwa sababu neno tunalo jikoni. Kupendeza si ushahidi.

#27 Bwana_Asili
Mwalimu, meli inagonga mwamba kwa sababu ilikwenda kutafuta riziki. Nimewaunganisha wote.

#28 Nahodha_Mstaafu
Hapo kijana kasema. Hatari yenyewe ni ya Kiarabu, na salama nayo ya Kiarabu. Pwani ilikopa vyote viwili kwa safari moja.

#29 NesiWaUsiku
Niturudishe kwenye kutumia. Kuna kauli mbili ambazo kazini kwetu zikichanganywa watu wanadanganyika: "no evidence of risk" na "evidence of no risk". Ya kwanza ni kwamba hatujaona hatari, pengine hata hatukutafuta. Ya pili ni kwamba tumetafuta, na tuna cha kuonyesha.

Kuna kanuni wanaiita "rule of three", kanuni ya namba tatu. Ukiwapa dawa watu 300 na hakuna hata mmoja aliyepata madhara fulani, usiandike "no risk". Gawanya 3 kwa 300. Kwa uhakika wa asilimia 95, madhara hayo bado yanaweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 100. Sifuri kwenye karatasi haikuwa sifuri. Watu wakiwa 30 tu, ni 1 kati ya 10, na hapo mtu atatoka kifua mbele kusema hakuna hatari.

#30 KaraniMkesha
Nesi, hesabu hiyo imenikosesha usingizi kuliko mteja. Kwa hiyo "no risk" haifai kuandikwa kabisa?

#31 NesiWaUsiku
Inafaa pale jambo haliwezekani. Huwezi kuambukizwa kwa kusoma faili. "No risk." Kwingine naandika "low risk" na naweka namba.

#32 Mkato
Mimi napinga. Tukimfuata Nesi hatutasema lolote bila kikokotoo. Mtu akisema "no risk of rain" hajatoa ushahidi mahakamani. Anakwambia acha mwavuli.

#33 MhasibuMkavu
Mwavuli sawa. Lakini neno linapouza kitu, kikokotoo kinahitajika. Angalieni "risk-free bet" za kamari. Ukipoteza, "unarudishiwa" dau lako, kumbe kwa mtindo uliozoeleka hurudishiwi pesa, unapewa salio la kubetia tena. Machi 2023 chama cha kampuni za kamari cha Marekani, American Gaming Association, kiliondoa kabisa "risk free" kwenye matangazo kupitia kanuni zake za utangazaji. Wenye biashara wenyewe. Wakiona neno limewaelemea hata wao, mjue.

#34 MlaKona
Mhasibu unazijua "risk-free bet" kwa undani sana kwa mtu mkavu.

#35 MhasibuMkavu
Nilikuwa nafanya utafiti.

#36 MlaKona
Utafiti wa salio la kubetia tena. Nimekusoma.

#37 BintiNahau
Kabla uzi haujahamia kwenye mikeka: KaraniMkesha, kuna kitu hatujakwambia. Ile sentensi yako ina pacha ambayo Waingereza huitumia kwa makusudi, kwa kejeli. "There's no danger of him washing the dishes." Kuosha vyombo ni jambo jema, wamelivika joho la balaa ili kumsema mvivu. Huenda mteja hakuona kosa la mgeni. Huenda aliona karani anayemkejeli.

#38 KaraniMkesha
Mama yangu.

#39 Mkato
Sasa ndiyo "When, then?" inaeleweka. Alikuwa amenuna.

#40 MwalimuWaJioni
Au alikuwa na haraka. Msimtie mtoto presha. Kejeli ile hutumika kwa mazungumzo kuliko kwenye barua ya kazi, na kwa kawaida ni "danger", si "risk". Mwandikie sentensi mbili, usijieleze sana. "Sorry, my last message was unclear. We will deliver on Friday." Huna haja ya kutaja "risk" hata mara moja.

#41 FundiBreki
Hiyo ndiyo "fail-safe" sasa.

#42 KaraniMkesha
Mrejesho wakuu. Nilituma neno kwa neno kama Mwalimu alivyoelekeza. Sikuongeza hata nukta. Jibu limekuja sasa hivi, nalinakili lilivyo:

"Great, thanks. No danger of any confusion this time!"

Kuchanganyana ni jambo baya, kwa hiyo kwa kanuni ya #3 sentensi iko sawa. Lakini katumia "danger". Kwa #37 ni kejeli. Na kile kialama cha mshangao pale mwisho sikipendi. Amefurahi au amenuna?

#43 BintiNahau
Amefurahi. Baya likifuata, kejeli hakuna.

#44 Mkato
Amenuna. Angekuwa amefurahi angeishia kwenye "thanks".

#45 Nahodha_Mstaafu
Ijumaa ni kesho kutwa. Kazi umemaliza?

#46 KaraniMkesha
Mzee wangu, nilikuwa humu tangu jana.